Kilio Kinaisha Lini?

Tulimzika Mama Kalenga siku ya Jumatano. Ijumaa bado nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika ua wa nyumba yake ya Ruashi, Lubumbashi, nikinywa chai ambayo sikuiomba na kusikiliza watu wakipanga mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Mtu akishazeeka, msibani hupewa kiti kizuri na hapewi kazi. Kalenga mwenyewe, binti yake wa kwanza, ambaye sasa naye ana wajukuu, alipita mbele yangu mara kwa mara akiwa na sahani mkononi, na kila alipopita alinitazama kama mtu mwenye neno la kuniambia baadaye. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja mwaka mzima, ujanani, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya serikali iliyochimba shaba. Zilikuwa siku za Zaire, za chama kimoja, wanaume wakivaa abacost, koti rasmi lisilo na tai, na sote tukiitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, hata tulipogombana. Jinsi nilivyofika kambini na nilizaliwa na nani si habari za hapa. Habari ya hapa ni kazi niliyopewa mwaka ule. Kazi yenyewe ilikuwa kuuliza watu maswali, nami nilidhani ni kazi nyepesi.

Kampuni ilikuwa imenunua kompyuta. Wakati ule hatukuiita kompyuta, tuliiita mashine tu, ingawa mji ulijaa mashine za kila aina. Ilikaa katika jumba lenye vipoza hewa, na wasichana waliotoboa kadi ambazo mashine ilizisoma walifanya kazi wamevaa sweta hata mwezi wa Oktoba, joto la nje likiwafanya mbwa walale chini ya magari. Aliyeandika programu alikuwa Mwepu, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, mcheshi kupita kiasi kwa mtu wa hesabu. Lakini kabla Mwepu hajaandika kitu, ilibidi mtu aende kwa wale watakaoitumia programu, ajue wanafanya nini kila siku na wanahitaji nini, kisha arudi na maneno ambayo mashine inaweza kuyafuata. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mkuu wetu, Citoyen Kazadi, aliyekuwa amesomea Ulaya na hakuwahi kuonekana na mkunjo kwenye abacost yake, aliniambia siku ya kwanza: "Citoyenne Mwamini, unaleta besoins yote, bien classées. Mwepu hapana kuandika hata ligne moja mbele ya ile." Nikasema ndiyo, nitaleta mahitaji yote yamepangwa. Nilikuwa na diploma mpya na viatu vipya, na vyote viwili vilinibana.

Programu ya kwanza ilikuwa ya posho. Asiyekulia Katanga huenda asijue maana yake. Mfanyakazi wa kampuni, mbali na mshahara, alipewa chakula cha nyumba yake kila mwisho wa mwezi: unga, maharagwe, samaki wakavu, mafuta, chumvi, kufuatana na mke na idadi ya watoto. Wanawake walikwenda na mabeseni kwenye magazini ya kambi, yaani ghala, wakapanga mstari, wakarudi nayo kichwani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kampuni pia. Ukiondolewa kwenye orodha ya posho, siku chache baadaye walikuja mafundi wa kampuni kutazama milango na vitasa, na kila mtu alijua maana ya kutazamwa vitasa. Kwa hiyo orodha ile ilikuwa chakula na paa kwa pamoja, na Citoyen Kazadi alitaka ihamie kwenye mashine kabla mvua hazijarudi.

Mimi nilikuwa nimepangishiwa kitanda kwa Papa Kalenga, fundi umeme, kwa sababu msichana kupanga nyumba peke yake wakati ule kulileta maneno. Chumba changu na Kalenga kilikuwa na vitanda viwili, kamba ya kuanikia nguo katikati, na dirisha lililotazama jiko la nje, kiasi kwamba kila kilichosemwa jikoni kilitufikia kitandani pamoja na moshi. Kalenga alikuwa anamaliza sekondari na alinicheka sana. Kila jioni aliniita yaya, dada mkubwa, akaniuliza, "Yaya, leo tena ulilipwa juu ya kuuliza bantu maneno?" Tulikula pamoja kwenye meza ya chuma, bukari, ugali wetu, katikati, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Ziwa Mweru wenye miiba ambayo Papa Kalenga aliipanga ukingoni mwa sahani kwa unadhifu wa fundi. Mama Kalenga alikula mwisho, amesimama, mtoto wa mwisho akiwa mgongoni, na alizungumza zaidi ya wote. Mezani hapo ndipo nilipolisikia jambo lenyewe. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa amefiwa na mume tangu Pasaka, na Papa Kalenga akauliza kama bado anachukua posho. "Anachukua," alisema Mama Kalenga. "Kilio haiyaisha. Papa Ngoie wa magazini atamukatalia namna gani, na nguo ya kilio bado iko mu mwili?"

Nilisimamisha mkono hewani na tonge langu. Katika kanuni za kampuni, nilizokuwa nimezisoma zote, posho ilikoma siku mfanyakazi alipokufa. Hakukuwa na neno kilio mahali popote. Nikauliza, wakaniambia kama wanavyomwambia mgeni mahali choo kilipo: mume akifa, nyumba yake inaendelea kula hadi kilio kiishe, hadi jamaa wakusanyike, wamvue mjane nguo nyeusi, waamue anakwenda kwa nani. Hapo mjane mwenyewe hujiondoa. Wanaogawa chakula wote wanajua, na tangu zamani ndivyo ilivyo. Asubuhi yake niliandika jambo hilo katika ripoti yangu. Citoyen Kazadi alilisoma, akauliza nani amesema. Nikasema nimelisikia mezani. Alinitazama kwa huruma. Kwake meza ya chakula haikuwa chanzo cha habari. Alitaka lisemwe na wenye kazi, watu wa magazini, na wakubali lisomwe mbele ya wakubwa. Hakuwa mtu mbaya, na leo, baada ya kufanya kazi hii maisha yangu yote, nasema hakukosea. Mashine haiwezi kufuata umbea wangu.

Njia aliyoiamini yeye ilikuwa karatasi ya maswali. Tulichapa maswali mazuri kwa Kifaransa kizuri, tukayapeleka magazini, na baada ya wiki yakarudi yamejazwa yote. Nilifurahi mpaka nilipoyaweka mezani. Yote yalikuwa kwa mwandiko mmoja. Citoyen Mulumba, aliyekuwa katibu wa chama hapo magazini, alikuwa amewajazia wenzake wote ili kuwapunguzia usumbufu. Tuliuliza: ni matatizo gani mnakutana nayo katika kugawa posho? Kila karatasi ilijibu kwamba hakuna matatizo na kwamba wafanyakazi wanaunga mkono mashine kwa moyo mmoja. Mwepu alizibandika mbili ukutani juu ya meza yake, na kwa miezi kadhaa kila programu yake ilipokwama alizisoma kwa sauti.

Baadaye tukaitisha mkutano. Nimesoma tangu siku hizo vitabu vinavyosifu mikutano ya namna hiyo, kwamba ukiwaweka wenye kazi chumba kimoja, wanakumbushana, wanabishana, na ukweli unatoka. Waandishi wake hawakuwahi kuitisha mkutano Lubumbashi wakati wa chama kimoja. Ulifunguliwa kwa nyimbo za chama, kina mama wa usafi wakicheza mbele na sisi nyuma, Citoyen Kazadi akisogeza mabega yake mawili kwa zamu, na mtu akishamaliza kucheza kusifu hawezi kukaa chini na kusema kuna kasoro. Nilisimama nikauliza wanagawaje chakula. Wakapiga makofi. Nikauliza kama kuna nyumba zinazogawiwa kwa namna ya pekee. Papa Ngoie, mkuu wa magazini, mtu mzito mwenye sauti ndogo, akasimama: "Shiye tuko tayari. Mashine ikuye tu." Makofi tena. Tulikunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, tukaenda zetu.

Nikabaki na njia ya kumfuata mtu mmoja mmoja. Nilimkuta Papa Ngoie ofisini kwake, nyuma ya magunia, nikafunga mlango ili azungumze kwa raha. Kufunga mlango kulikuwa kosa. Enzi zile mtu aliyekuja na maswali, kalamu na mlango uliofungwa alikuwa wa aina moja tu, wa usalama. Papa Ngoie aliweka mikono juu ya meza. "Weye ni nani alikutuma?" Nikamwambia ni Citoyen Kazadi. "Na yeye ni nani alimutuma?" Nikamwambia ni kazi tu, nataka kujua mnafanyaje mtu akifa. Akanisomea kanuni ya kampuni neno kwa neno, macho yakitazama ukuta nyuma yangu. Kugawa mali ya serikali nje ya kanuni kulikuwa na jina baya, na watu walikuwa wamepelekwa mbali kwa hilo. Nilifungua mlango mwenyewe nikatoka. Sikumkasirikia. Ningekuwa yeye, ningesoma kanuni vilevile.

Mwezi wa Juni, asubuhi ya baridi, Papa Kalenga alianguka bafuni akinyoa ndevu. Moyo. Alikuwa mzima jana yake, amenirekebishia taa ya chumbani huku akinitania kwamba mashine yangu haijui hata kubadilisha balbu. Waliondoa viti na meza ya chuma sebuleni, wakatandika mikeka, na nyumba ikajaa wanawake waliolala sakafuni. Vitanda vyetu vilisimamishwa ukutani nje. Nililala kati ya Kalenga na shangazi yake kutoka Mokambo, aliyelia kwa Kibemba hadi sauti ikakauka. Mama Kalenga alivishwa nguo nyeusi, akakalishwa kwenye kona, akanyamaza, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza. Nilikuwa nampenda mwanamke yule, na kumwona amenyamaza kulinitisha kuliko maiti. Wageni walipoondoka, niliwasikia wanawake wawili dirishani, kwenye moshi uleule. Mmoja aliuliza watoto watakula nini. Mwingine alisema, posho iko hadi kilio iishe, baadaye tutaona. Mimi nikiwa nimelala pale nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Mashine ingeanza kugawa mwisho wa mwezi wa Julai, na kwa mashine Papa Kalenga alikuwa ameshakufa na nyumba yake imekwisha.

Mwisho wa mwezi Citoyen Kazadi alikuwa na wazo jipya. Kama watu hawasemi, alisema, basi tukae tutazame, maana mikono haidanganyi. Akanituma magazini siku ya posho, na kiti, na ubao wa kuandikia. Nilikaa pembeni ya meza ya kugawia tangu asubuhi. Mabeseni yakaja, unga ukapimwa, hakuna aliyepunjwa, hakuna aliyetania. Baadaye niliambiwa kwamba siku za kawaida pale kulikuwa na kelele kama sokoni. Saa za mchana alifika Mama Kalenga katika nguo yake nyeusi, mtoto Ilunga mgongoni, beseni mkononi. Aliniona kwanza, akatabasamu kidogo kwa sababu alidhani ni heri kumkuta mtu wa nyumbani. Papa Ngoie alinitazama mimi, akautazama ubao wangu, akamtazama yeye. "Mama, bwana yako alikufwa," alisema polepole. "Haiko tena ku liste." Mama Kalenga hakubisha. Alisimama kidogo, kama anayengoja aseme neno la pili, kisha akageuka. Nyuma yake wanawake walisogea mbele kujaza nafasi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba anayetazamwa hafanyi anachofanya siku zote. Siku hizi nawaambia vijana jambo hilo kwa sentensi moja na wao wanaliandika. Mimi nilijifunza kwa sahani. Tulikula sombe tupu jioni ile, bila samaki, na bukari nyembamba iliyotokana na unga wa jirani. Kalenga alikula amenipa mgongo. Nilimwambia mama yake kwamba nisingekuwepo pale angepewa. Alikuwa akimlisha Ilunga kwa vidole. "Ulikuwa pale, mutoto yangu. Papa Ngoie angefanya nini? Na yeye iko na batoto." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana nilitoka nje nikasimama uani muda mrefu, nimejaa uchungu ambao haukuwa na mtu wa kumtupia.

Aliyenitoa pale ni Mwepu. Nilimsimulia yote asubuhi, akanisikiliza huku akipanga kadi zake. Mama yake alikuwa mshonaji sokoni Kenya, mtaa wa huku kwetu, na Mwepu alikulia chini ya cherehani. "Mama yangu hapana kuuliza bantu banataka robe ya namna gani," alisema. "Bakiulizwa, banasema, ya muzuri. Basi. Yeye anashona vilevile, na uzi ya kulegea, anamuvalisha. Hapo njo mutasikia: mukono murefu, hapa panabana, shingo iko wazi sana. Muntu hajue kintu yenye anataka. Lakini kintu yenye hataki, anaijua mara moja." Kisha akavua miwani, akaifuta, akasema kwamba kwa hapa kwetu kuna faida nyingine. Anayejibu swali anajifunga kwa jibu lake. Anayesahihisha kosa la mashine hajafunga kitu, anaisaidia kazi ya serikali. Nilimwelewa kabla hajamaliza. Tungetengeneza orodha ya kwanza, ya majaribio, ikiwa vilevile kama kanuni inavyosema, na majina ya kweli ya kambi yetu. Tungeipeleka ikiwa mbaya hivyohivyo.

Mwepu aliandika programu fupi, wasichana wa sweta wakatoboa kadi, mashine ikapiga kelele, ikatoa karatasi ndefu zilizokunjwa. Waliokufa kambini mwaka ule walikuwa wameandikwa pamoja mwishoni, na mbele ya kila jina maneno mawili: POSHO IMEKATWA. Tulizibeba hadi magazini, bila mkutano, bila nyimbo, bila Citoyen Kazadi. Nikazitandaza juu ya magunia, nikaweka penseli nyingi. Niliwaambia hii ni kazi ya Mwepu, bado ni mbichi, lazima ina makosa, na nikawaomba wayatafute. Mwepu aliinamisha kichwa kama mtu anayengoja kuchekwa. Mimi nilikuwa na tumaini moja, kwamba Papa Ngoie ataona jina la Papa Kalenga na moyo wake utamshinda. Alilifikia. Nilikiona kidole chake kikisimama hapo. Kisha kidole kikaendelea kushuka, na midomo yake haikufunguka.

Aliyefungua mdomo alikuwa Citoyen Mulumba, katibu wa chama, yule aliyewajazia wenzake karatasi. Alikuja kutazama kwa kuwa alitazama kila kitu, akapitisha macho juu ya majina ya wafu, akarudi nyuma, akasoma tena. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kaka yake mkubwa alikuwa amefariki mwezi wa Mei. Akachukua penseli.

"Hii iko mubaya," alisema.

"Wapi, citoyen?" Mwepu aliuliza.

"Hapa. Banasema posho imekatwa. Imekatwa namna gani? Mulamu yangu, muke ya kaka yangu, iko na kilio. Bado hatuyamuvua nguo." Aliyatazama maneno yale kama mtu aliyetukanwa. "Nani alifundisha hii mashine? Haiko na heshima."

Papa Ngoie alimtazama katibu wake kama ndio kwanza anamwona. Kisha alisema kwa ile sauti ndogo, "Kama citoyen secrétaire anasema vile, basi na miye nitasema," akachukua penseli ya pili. Baada ya hapo sikupata nafasi ya kuuliza swali hata kama ningetaka. Walisema kuhusu kilio. Walisema kuhusu watoto wa dada ambao kanuni haiwajui na kila nyumba inao. Walisema kuhusu mwanamke aliyejifungua katikati ya mwezi. Mmoja alimnyang'anya Mwepu kalamu yake mwenyewe. Karatasi ziligeuka nyeusi kwa risasi ya penseli, na nilipozikunja kurudi nazo nilikuwa na furaha kubwa ambayo niliificha, kwa sababu tulikuwa bado tunazungumza habari za waliokufa.

Citoyen Kazadi alisoma kila alama. Alipofika kwenye kilio, na kuona kwamba sentensi ni ya katibu wa chama, alikaa wima. Alisema ni sawa, mtu kama huyo akisema ni haja ya kazi, basi ni haja ya kazi, yeye atalipeleka juu na litapita. Nilishukuru. Lakini alikuwa hajamaliza. "Mwamini, mashine hapana kujua kilio. Inajua date. Kilio inaisha siku gani? Leta siku ile, Mwepu ataandika."

Nilidhani hilo ndilo rahisi. Nilizunguka kambi nikiuliza kilio kinaisha lini, na safari hii walinijibu wote bila woga, na hakuna majibu mawili yaliyolingana. Zikiisha pesa za wageni. Jamaa wa Kilwa yetu ya ziwani wakifika, na barabara ya Kilwa unaijua. Baada ya siku arobaini, walisema Waislamu wa upande wetu. Baada ya mavuno. Akikubali mulamu, yaani shemeji, kumchukua. Akichoka mjane. Papa Ngoie alinicheka kwa mara ya kwanza: "Miye ninamuangaliaka mama ku macho. Njo siku yake." Kilio hakikuwa na siku, na ndiyo maana kilikuwa kimewafaa watu miaka yote ile. Mwepu alisema programu haiwezi kumwangalia mtu machoni. Nikaamua kumuuliza mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi baada ya salongo, kazi ya lazima ya umma, tumerudi wote na majembe yetu. Mama Kalenga amekaa kwenye mkeka katika nguo yake nyeusi, Kalenga akichambua majani ya muhogo kando yake. Niliketi chini, nikamweleza mashine inataka nini. Nikamwambia, mama, kilio chako kitaisha lini?

Sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa anajaribu kweli kunisaidia, kama alivyonisaidia kutafuta kiatu changu kilipopotea.

"Weye andika," alisema. "Siku yenye utaandika, miye nitalia mpaka ile siku."

Kalenga aliacha kuchambua majani.

Niliandika miezi mitatu. Katika majibu yote yaliyoweza kuhesabiwa, hilo lilikuwa refu kuliko mengine, na Citoyen Kazadi aliniambia refu zaidi ya hapo halitapita. Mwepu aliliweka kwenye programu, wasichana wakatoboa kadi, na mashine ikaanza kugawa kwa tarehe iliyopangwa. Nyumba ya Mama Kalenga ilirudi kwenye orodha. Alirudi na beseni limejaa mara mbili, na mara ya pili tulikula samaki hadi watoto wakagombania kichwa. Mwezi wa Septemba, joto likiwa limeanza kupanda, jina lake halikutoka kwenye karatasi. Hakwenda hata kuuliza. Alikuwa amewaita jamaa wiki moja kabla, wakamvua nguo nyeusi, wakaamua aende kwa kaka yake Ruashi, na mafundi walipokuja kutazama vitasa walikuta nyumba imefagiwa. Wajane wengine walifuata. Kambini watu walianza kuhesabu. Kabla ya mvua kukolea nilimsikia mwanamke bombani akimwambia mwenzake kwamba amebakiwa na mwezi mmoja wa kilio, kama anavyosema mtu aliyebakiwa na mwezi mmoja wa likizo. Programu ile ilisifiwa sana. Nilipandishwa cheo, na sijawahi kujua kama tuliwaokoa watu wale miezi mitatu au tuliwanyang'anya ile mingine.

Mashine imekufa siku nyingi, na kampuni niliyoijua mimi nayo. Mwepu alikwenda Afrika Kusini akazeekea huko. Ijumaa ile katika ua wa Ruashi, walipokwisha kupanga habari za misa na za viti vya kukodi, wakafika kwenye jambo la mwisho. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa Ilunga, yule wa mgongoni, sasa mwanamume mwenye kipara na simu mbili. Mjukuu mmoja aliuliza kilio cha nyanya kitakwisha lini, apate kujua lini arudi kazini.

"Miezi tatu," Ilunga alisema bila kufikiri. "Huku kwetu ni miezi tatu. Bankambo njo vile baliacha."

Watu wakaitikia kwamba ndivyo mababu walivyoacha. Wazee wawili wa rika langu waliitikia pia. Kalenga alikuwa amesimama karibu na mlango na sahani mkononi, na safari hii hakupita. "Yaya Mwamini," alisema mbele ya wote, "weye unasema nini?"

Nilikuwa nimekaa siku mbili bila kuulizwa kitu. "Ninasema muongeze moja," nikasema. "Minne."

Ilunga alinitabasamia kwa upole, tabasamu la mama yake hasa. "Mama, ile haiwezekane," alisema. "Haiko shiye tulipanga."

Nilimwambia ni kweli, si wao waliopanga. Kalenga alivuta kiti, akakaa karibu yangu, akaniwekea sahani magotini. Ilikuwa sombe, na ndani yake alikuwa ametia samaki wengi.